Injini Iliyozibwa Pumzi

Asubuhi niliyoripoti kazini, katika karakana ya shirika moja la umma hapa Dodoma, nilivaa ovaroli iliyopigwa pasi. Fundi Mkuu alinitazama, akanipa tambara na kopo la mafuta ya taa. "Lala chini ya lori lile ufute injini mpaka niione rangi yake. Spana utashika ukishajua oili inatoka wapi." Nililala chini ya malori msimu mzima nikinung'unika. Lakini ndiko nilikojifunza kwamba oili hutiririka na kupeperushwa na upepo, kwa hiyo inapodondokea sipo inapovujia. Fundi anayebadilisha gasketi, ule utando wa kuziba maungio ya injini, kabla ya kuiosha anapiga ramli.

Nilihamishiwa Singida, nikarudishwa Dodoma chini ya Meneja wa Karakana, mtu mgomvi ambaye angalau alijua anachogombea. Kisha ikaja enzi ya ruksa, biashara ikaachiwa huru. Vipuri tulivyozoea kuvisubiri kwa miezi vikajaa madukani, vingi vikiwa feki, na shirika letu likaletewa Mfilisi, yaani mtu wa kuuza kilichobaki. Alitukusanya uwanjani akasema, "Nendeni mkajiajiri. Soko liko huru." Yeye mwenyewe alikuwa ameajiriwa.

Nikajiajiri. Nilijenga gereji ya mabati karibu na Majengo, na mtaji wangu ulikuwa jina tu. Watu walijua kwamba nikisema nimebadilisha kitu, nimekibadilisha. Jina hilo ndilo Shabani alilolichezea, na mpaka leo nikilikumbuka hilo damu inanichemka.

Shabani alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa, mtoto wa mjini, mwenye maneno matamu. Ndugu yake aliyekuwa Uarabuni alimletea gari la spoti la milango miwili, kuukuu lakini linang'aa. Lilivuja oili kila lilipoegeshwa. Niliiosha injini, nikaona inavuja kwenye sili ya nyuma ya krenki, ule mpira wa duara unaozuia oili pale krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, inapotokea nje kwenda kwenye giaboksi. Nikashusha giaboksi, nikafunga sili mpya.

Lakini sili haifi hivi hivi, nikatafuta kilichoiua. Juu ya injini kuna bomba dogo la kupumulia. Hewa inayopenya kwenye pistoni hutokea hapo. Ukiliziba, hewa hiyo husukuma oili popote penye udhaifu. La Shabani lilikuwa limezibwa kwa kitambaa kilichofungwa waya. Nikakitoa mbele ya macho yake.

"Nani kaweka hiki?"

"Mimi. Si unaliona vumbi la Dodoma, fundi? Nilikuwa nakinga."

"Usikirudishe. Injini inapumulia hapa."

"Nimekuelewa, ndugu yangu."

Hakuelewa, au hakutaka kuelewa. Baada ya wiki chache oili ikaanza kuvuja tena. Angekuja kwangu, ningelitazama bure. Badala yake alikaa kwenye baraza la kahawa, pale wanapokutana wenye maduka na wenye magari, akatangaza kuwa mimi ni tapeli: sili mpya nimeiuza, ya zamani nimeirudisha. Nilizijua habari hizo siku katekista mmoja wa Bahi alipokuja kuchukua pikapu yake, injini ikiwa bado wazi.

"Usinielewe vibaya, fundi," alisema akitazama chini. "Nyumbani wamesema niichukue tu."

Nilikwenda barazani. Nilimkuta Shabani na kikombe mkononi, gari kaliegesha pembeni.

"Fungua boneti," nikamwambia.

Akacheka. "Twende kwanza tukalijaribu barabarani."

Tulifika karibu na Ihumwa, nje ya mji, akasimamisha gari. Nikafungua boneti mwenyewe. Bomba lilikuwa limezibwa tena, safari hii kwa kipande cha kanga. Akageuza gari, tukarudi na kuegesha mbele ya baraza. Hapo, vioo vikiwa vimepandishwa, akanishika goti.

"Nisamehe, ndugu yangu. Nimekukosea."

"Shusha kioo, uyaseme hayo hayo."

Akawatazama wenzake na vikombe vyao. "Watu watanionaje?"

"Mimi wameshaniona."

Hakushusha. Ningeweza kupiga kelele mwenyewe, lakini mtu aliyeitwa tapeli akijitetea huonekana tapeli zaidi. Nikashuka, nikapita katikati yao, na hakuna aliyeniitikia salamu.

Wateja hawakurudi. Niling'oa mabati, nikaenda kushika spana kwenye gereji ya mtu mwingine huko Chamwino, nikiitwa kwa kupigiwa mluzi, mpaka mgongo uliponistaafisha. Ninyi vijana mnaofunga injini leo, ziosheni kwanza, msimwage silikoni, ile gundi ya kuzibia, kila mahali, na bomba la kupumulia liacheni wazi. Hayo ya kazi nimewapa yote.

Lakini mnaponiambia nisamehe kwa kuwa ni mambo ya zamani, mnanikera. Shabani sasa ni mzee kama mimi. Tukikutana msibani huja kunishika mkono, huinama sikioni na kuninong'oneza, "Ndugu yangu, yale yaliisha, eeh?" Huwa namjibu kwa sauti ya kusikika mpaka jamvi la mwisho: "Yapi, Shabani? Waambie watu." Naye huondoka kutafuta viatu vyake.