Fiche inasema bado, mimi najua majuma yamepita

Admin, chonde, ficha jina yangu na jina ya kanisa yetu, juu hapa kwa muji wa Baraka tunajuana wote. Niko mwanamuke wa miaka 23, ndoa yetu iko na miezi nane na kitu, na hii ndiyo mimba yangu ya kwanza. Ninaandika nikiwa kwa kitanda ya maternité, wodi ya kuzalia. Leo ni siku ya sita niko hapa, na nimechoka mpaka sitaki tena kusalimiwa.

Balinilaza juu ya tension, presha ya damu ilikuwa imepanda. Miguu ilikuwa imevimba, dokta wa kwanza akasema jumatatu batanipa dawa ya kuanzisha uchungu, tusingoje hatari. Nilifurahi. Jumatatu asubuhi nikaoga mapema, mama mukwe akanisuka nywele, tukapanga nguo za mutoto. Saa tatu, saa sita, saa tisa, hakuna kitu. Balikuwa bameleta mama moja kutoka Mboko anavuja damu, badokta bote bakakimbilia yeye. Hapo sina neno, yule mama alikuwa na haki. Jumanne bakasema dawa iko, lakini kitanda ya kuzalia haiko. Jumatano akaingia dokta mwingine. Akapima tension, imeshuka. Akasoma fiche yangu, ile karatasi ya kliniki, akasema ni majuma 37 tu, hakuna haraka, tungoje mutoto akomae.

Tangu hapo ni wimbo moja. Nikiuliza muganga, nesi wa zamu, anasema ngoja dokta apite. Dokta akipita, anasema tutaona kesho. Nguo za mutoto tumezipanga na kuzipangua mara tatu. Dada moja Murundi kutoka Lusenda alifika asubuhi na uchungu wake, saa sita alikuwa tayari anakula bugali na mutoto kando. Nilimupongeza kwa mudomo, lakini roho ilikuwa inawaka.

Sasa nitoe yenye iko ndani. Ile fiche inasema uongo, na uongo ni wangu mimi.

Baba mukwe ni mchungaji, ndiye alitufungisha ndoa. Kwa kanisa yetu, bibi-arusi mwenye mimba havai voile, ile shela nyeupe ya kichwa. Banamubariki siku ya kazi, bila kwaya, na kisha anakaa kwa benchi ya nyuma miezi kadhaa, bote banamuangalia. Mbele ya arusi, bamama ba kanisa baliniita, bakaniuliza kama niko peke yangu katika mwili. Damu ilikuwa imeshachelewa, na nilikuwa nimeshapima. Nikabajibu niko peke yangu. Mama mukwe mwenyewe ndiye alinifunga ile voile, anatoa machozi ya furaha.

Siku ya kwanza ya consultation ya mimba, alinisindikiza tena, akaketi kando yangu. Muganga akauliza, damu ya mwisho uliona siku gani? Mama mukwe ananiangalia. Nikahesabu haraka haraka kwa kichwa, nikasogeza tarehe mbele majuma tano. Muganga akaandika. Toka siku ile kila muntu anahesabia pale, na mimi pia nikaanza kuitika.

Bandugu, si majuma 37. Ni 42.

Kwa echo ya juzi, kile kipimo cha kuona mutoto ndani ya tumbo, dokta alishangaa mutoto ni mukubwa. Akauliza kama niko na sukari. Mama mukwe akacheka, akasema kwao batoto banazaliwaka hivyo, hata bwana yangu alizaliwa kama wa miezi mbili. Dokta naye akacheka, akaenda zake. Tangu jana jioni mutoto anacheza kidogo kidogo tu. Nilimuambia muganga, akasikiliza tumbo, akasema roho ya mutoto inapiga, kisha akaangalia fiche: bado uko na majuma tatu, usiogope. Ni mimi nilimupa ile fiche, nitamukasirikia nini?

Bwana yangu anafundisha kule Swima, na ni yeye peke yake anajua. Jana, mama mukwe aliposinzia, nilimupigia simu nikamuambia kwa sauti ya chini nataka kusema ukweli. Akasema, "Vumilia kidogo. Ukisema, baba batamusimamisha kazi ya Mungu. Mutoto anajua siku yake." Nikamukatia simu. Siku yake imepita, na mwenye kubeba ni mimi.

Munaweza kusema, ita dokta pembeni. Pembeni gani? Chumba iko na vitanda nane. Mama mukwe ndiye ananilinda, hatoki. Dokta akiuliza kitu, ni yeye anajibu mbele yangu. Muganga wa zamu tunaimba naye kwaya moja. Hata kwa choo mama ananishika mukono. Na yenye kuniumiza zaidi, ni mwema. Analala kwa mukeka juu ya sakafu ya simenti, kila jioni ananikanda miguu na mafuta ya mawese, anaombea mutoto kwa jina yenye baba mukwe amechagua. Angekuwa ananitesa, ningeshasema zamani.

Najua nimekosa. Mwenye kutaka kunitukana juu ya voile, anitukane kesho, leo sina nguvu. Siogopi tena benchi ya nyuma. Naogopa sura yake pale atasikia, na naogopa kwamba nikingoja sura yake iwe nzuri, mutoto hatangoja.

Sasa ni saa saba, dokta anapita saa nane. Mama ameketi hapa, ananimenyea ndizi, anafikiri ninaandikia bwana yangu. Nishaurini bandugu, nimuambie yeye kwanza, ao nimuambie dokta mbele yake? Nianze na neno gani? Lolote mutasema nitasikiliza, lakini musiniambie ningoje.