Mtutu wa kushoto wa Bwana Nyati, na kwa nini mume wangu hakupanda treni ya Voi

La, bunduki yenyewe haikuwa ya London. Ilikuwa ya Mbelgiji, na msianze kumtukana Mbelgiji, maana hana kosa.

Najua ndilo mtakaloniuliza, kwa hivyo nimelijibu kabisa tukae vizuri.

Wakuu, mlio wakubwa wangu shikamooni, kama mmebaki. Wengine wote marahaba, hata kama hamjaniamkia. Miye ni bibi wa Kuze, mtaa wa mji wa kale. Kusoma sijui, mjukuu wangu ndiye anayebofya, na nimemwambia akitia chumvi yake nitajua, maana akidanganya hucheka puani. Haya niliyaona kwa macho yangu. Asiyeamini apite, njia za Kuze ni nyembamba lakini zapitika.

Alinisomea uzi wenu wa bunduki za mitutu miwili, zile za kuwindia ndovu na nyati. Mmoja yuwasema ya London haina mpinzani. Mwengine yuwasema Mjerumani ndiye baba lao. Nikamuuliza, hawa wamepata kuzishika? Akanambia, "Bibi, wameona video."

Haya.

Miye nimezishika. Miaka ya sitini, uhuru umeshaingia, kuwinda bado ni ruhusa kwa mwenye leseni. Mume wangu Athmani alikuwa fundi kwa Mistri, Muhindi mmoja aliyekuwa na karakana ya bunduki, nasi twakaa ghorofa ya juu yake. Vitako vya mbao vikishapigwa msasa huletwa kwangu nivisugue mafuta kwa kiganja. Mistri husema, "Mukono ya mama iko laini, mbao napenda sana." Nami humwambia mbao yapenda, lakini mkono haujaulizwa.

Basi sikizeni kwa mtu aliyezisugua.

Ya London, loki zake, yaani mitambo ya kufyatulia, ziko ubavuni, zimechongwa maua kama bangili za harusi. Ukiivunja kati kuifungua baada ya kupiga, hutema maganda ya risasi yenyewe, tang, yaruka nyuma ya bega. Nzuri. Lakini ile tang hata nyati husikia.

Ya Mbelgiji ni nzito kidogo, loki zimefichwa ndani kama kwenye kisanduku. Haitemi. Yasukuma ganda kidogo tu, wachomoa mwenyewe kwa vidole. Polepole, ila kimya.

Ya Mjerumani tuliyowahi kuipata ilikuwa mtutu mmoja umempanda mwenziwe mgongoni. Lazima uifunue sana ndipo utie risasi. Athmani alikuwa akisema, "Hiyo mpaka uifunue, nyati ameshakuuliza jina la babako."

Na hili hamkuliandika hata mmoja wenu: mitutu miwili hailali sambamba. Hulazwa kidogo, ielekeane, ili risasi ya kulia na ya kushoto zikutane pamoja. Na hulinganishwa kwa risasi za aina moja. Ukitia za nguvu nyengine, kila mtutu huenda zake, kama mke na mume waliokasirikiana njiani.

Sasa.

Kulikuwa na mzungu mwindaji tukimwita Bwana Nyati. Shingo nene, nyekundu, hacheki. Akaja na bunduki mbili, ya London na ya Mbelgiji, akamwambia Mistri, "Wewe natazama yote mbili. Nasema kwangu gani mzuri zaidi." Akamtazama Athmani mikono, akasema, "Na mimi nataka huyu. Jumatatu natoka na treni, nashuka Voi, naingia porini. Yeye nabeba bunduki, yeye nachinja."

Kwa wasiojua: wapagazi wengi walikuwa Waislamu. Mnyama akianguka, lazima mmoja wao akimbie amchinje kabla roho haijatoka, la sivyo ni nyamafu na watu walale njaa. Basi mbebaji humpa mzungu bunduki, achomoe kisu, akimbie mpaka kwa nyati, apige magoti shingoni, Bismillahi. Na mzungu husimama nyuma yake na mtutu wa pili haujapigwa, nyati akiinuka amalizwe.

Mwaona mchinjaji yuko wapi? Yuko mbele ya bunduki.

Mimi nilikuwa mke wa mwaka mmoja. Nikamwambia, "Usiende." Athmani alikuwa amechoka kusugua bunduki asizozisikia zikilia. Akanambia, "Watu wale nyamafu kwa sababu mke wangu yuwaogopa?" Nikamjibu wale mihogo.

Hakusikia. Akatoa kisu cha babake akaanza kukinoa.

Siku ya pili Mistri akazitazama bunduki ndani. Hivi ndivyo wafanyavyo: wazivunja kati, waielekeza mitutu dirishani kwenye mwangaza, wachungulia. Mtutu mzima huonyesha miviringo ya mwanga, safi, kama maji ndani ya kisima.

Ya London, kulia safi, kushoto safi.

Ya Mbelgiji, kulia safi. Kushoto Mistri akatazama, akaishusha. Akafuta jicho. Akatazama tena. Kisha akasema, "Kutu. Iko kutu kidogo," akaondoka kwenda kunawa, na mikono ilikuwa haina kitu.

Athmani akachungulia. Nilikuwa nimeshuka na vitako, nikamwambia nipe na miye.

Wakuu, mwisho wa mtutu ule niliona dirisha letu, na nyumba ya mbele iliyofungwa kwa ajili ya kesi ya warithi. Na mbele ya dirisha, mtu. Amepiga magoti, kanipa mgongo, kanzu nyeupe na kofia. Mdogo kama punje ya mchele.

Nikaondoa jicho. Dirishani hapana mtu. Nikatazama mtutu wa kulia, hapana mtu. Wa kushoto, yuko.

Mistri alirudi. "Nimesema kutu."

Athmani akamwambia, "Mistri, kutu haivai kofia."

Wakapitisha kitambaa cha mafuta mtutuni mpaka kikatoka cheupe vile kilivyoingia. Yuko. Tukaipandisha juu darini, kwenye paa la wazi, tukaielekeza mbinguni, pasipo dirisha wala nyumba, mawingu matupu. Yuko, amepiga magoti juu ya mawingu.

Ndiyo tabia yetu, jambo la kuogofya hufunikwa kama chungu. Mistri akawasha redio. Mimi nikasugua kitako cha Mbelgiji, na nawaambia kile kitako hakikunywa mafuta. Mbao zote hunywa. Kile mafuta yalikaa juu, baridi, kama jasho la mtu mwenye homa.

Asubuhi yake wakavuka maji kwenda kwenye machimbo ya mawe kuzijaribu. Athmani alirudi na karatasi walizozipiga risasi. Ya London, matundu mawili karibu karibu, kama macho ya paka. Ya Mbelgiji, la kulia katikati barabara. La kushoto lilikwenda kando, chini, kushoto.

Mistri akasema, "Bwana natia risasi ya nguvu ingine. Bunduki hapana kosa."

Nikaiegemeza karatasi ya Mbelgiji ukutani, chini sakafuni. Nikamwambia Athmani, "Hapa katikati ndipo alipoanguka nyati. Haya, piga magoti umchinje."

Akapiga magoti, akicheka, akidhani namtania kama kawaida. Lile tundu la kushoto lilimwangukia hapa, chini ya kwapa.

Akaacha kucheka. Lakini mwanamume ni mwanamume. Akasema, "Basi nitamwambia Bwana achukue ya London. Jumatatu nakwenda."

Usiku akakinoa tena kile kisu. Kabla hatujalala aliniuliza, "Umeona amegeuka?" Nikamuuliza nani. Akasema, "Leo nimeona sikio na shavu." Nilikuwa nimeliona hilo sikio tangu mchana.

Sasa niwape funzo kabisa hapa, maana nikifika mwisho sitaongeza neno, na mjukuu nimemkataza pia.

Mwabishana ipi bora, ya London, ya Mbelgiji, ya Mjerumani. Nyinyi mwauliza nani aliitengeneza. Ulizeni imepita mikononi mwa nani, na nani alikuwa mbele yake. Mume wangu aliishi mpaka akaota mvi masikioni, akanichosha kwa kikohozi, akafia kitandani mwake Kuze. Mistri aliifunga karakana mwaka uleule wa bunduki hiyo, akaanza kuuza baiskeli. Na yeyote ambaye babu yake alibeba bunduki za wawindaji, aseme hapa chini alisikia nini. Hata wabishi waje, miye sichoki kubishana, nachoka kubofyewa tu.

Ilikuwa Jumamosi, baada ya adhuhuri. Bwana Nyati akaja kuchukua jibu. Athmani kasimama na kisu chake kiunoni, bado ni mtu wa kwenda. Miye niko kwenye ngazi na leso yangu, nasikiza.

Mistri akaanza, "Bwana, London iko mzuri zaidi. Mbelgiji, risasi ya kushoto nakwenda kando."

Bwana akasema, "Mimi najua."

Athmani akamuuliza kwa adabu, "Bwana, aliyebeba hii kabla yangu ni nani?"

"Mtu ya Lamu. Mzuri sana. Yeye nalirudi kwao."

Wala hakuna aliyemwambia tuliloliona. Wallahi, hata neno.

Akaichukua ya Mbelgiji mwenyewe. Akaivunja kati, akaielekeza dirishani. Hakuutazama mtutu wa kulia kabisa. Akaweka jicho kushoto, akakaa, akakaa, uso haukubadilika. Kama mtu aliyepeleka nguo kwa dobi akaona doa liko palepale.

Akamwekea Mistri bunduki mezani.

"Huyu bado iko," akasema. "Mimi nalileta bunduki kusudi wewe natoa yeye."