Mlangoni pa Sauna ya Bi Aino

Mwanangu, kuna alasiri moja ya baridi ambayo hainitoki machoni. Theluji ilikuwa imeacha kuanguka lakini bado ilikuwa laini. Mimi nimesimama dirishani jikoni, birika la kahawa mkononi, namtazama kikongwe ameketi nje kwenye benchi, ameuziba mlango wa kibanda kwa mwili wake. Mbele yake wamesimama vijana wanne warefu, nywele hadi mgongoni, vichwa chini, kama watoto wa chuo cha Kurani waliofika mbele ya mwalimu hawajahifadhi. Ndege ikapita juu kwenda kutua uwanja wa jirani, na pumzi zao zikapanda nyeupe.

Ngoja nianzie nyuma kidogo, maana nikikuachia hapo hutaelewa.

Ilikuwa miaka ile ya mwisho kabla ya karne kugeuka. Mimi Rukia, mtu wa Pangani, niliyeishia darasa la nne, nilikuwa nafanya kazi ya kumtunza bibi mmoja wa Kifini huko Sterling, Virginia. Sterling ya wakati ule bado ilikuwa na mashamba matupu na miti. Jina lake Aino. Mimi nilimwita Bi Aino, na yeye akapenda, akasema linamfanya ajione malkia. Mumewe, marehemu Toivo, alikuwa seremala, na nyuma ya nyumba alijenga kwa mikono yake kibanda cha mbao wanachokiita sauna. Ndani mna jiko, juu ya jiko mawe. Unawasha kuni, mawe yakishika moto unayamwagia maji, mvuke unapanda, watu wanakaa humo wanatokwa jasho mpaka roho zinalegea.

Siku ya kwanza kuona ule moshi nilikimbia na ndoo ya maji. Bi Aino alicheka mpaka akashika mbavu.

"Rukia, uache moto! Huo si wa kuzimwa. Kwetu watu walizaliwa humo, na maiti wakaoshwa humo. Ndiyo maana humo ndani hatugombani. Hasira unaiacha mlangoni pamoja na viatu."

Nikasema moyoni, kumbe watu hawa wana adabu zao. Likanikaa neno lile.

Mwaka uliofuata akaja mjukuu wake, Antero, na wenzake watatu kutoka Ufini. Veikko mpiga ngoma, Jouni na Pasi wa magitaa. Bendi yao iliitwa Routaportti, maana yake, alivyonieleza Bi Aino, lango la ardhi iliyoganda. Kwao walikuwa wameanza kujulikana, na wakala mmoja wa muziki wa huko mjini, jina lake Russell, akawaita waje kujaribu bahati Marekani. Wakashukia kwa bibi yao. Wakalala chini kwenye chumba cha ardhini, na gereji wakaifanya mahali pa mazoezi.

Muziki wao waliuita hevi metali. Sijui nikueleze vipi. Magitaa yananguruma kama lori linapanda mlima, na juu yake sauti ya Antero, mara nyembamba kama ya ndege, mara kama mtu anaita kutoka ndani ya kisima. Vikombe kabatini viligongana vyenyewe. Nilikuwa na mwenzangu, Nafula, binti wa Bungoma, aliyekuwa akinishikia zamu kwa saa chache kila Ijumaa. Siku ya kwanza aliingia ameziba masikio.

"Ai, Rukia! Hawa ni watu wanaimba ama kuna mtu anachinjwa huko?"

"Wanaimba mapenzi," nikamwambia. "Bi Aino kanifasiria. Wanaimba theluji na msichana aliyezama ziwani."

"Basi huyo msichana alizama akikimbia hizo kelele."

Tulicheka sana. Lakini vijana wenyewe, mwanangu, walikuwa wapole. Wanavua viatu mlangoni, wanaosha sahani zao, wananiita Mama Rukia. Mpole kupita wote alikuwa Veikko. Yeye na Antero walikua nyumba jirani tangu wadogo. Baba yake Veikko ana karakana ya mashua, alitaka mwanawe airithi. Veikko akakataa, wakakosana, akaiacha karakana na baba, akamfuata Antero na ngoma zake. Hili uliweke akilini, kwamba yule kijana hakuwa na kingine duniani ila bendi ile.

Kila Jumamosi waliwasha sauna. Nilikuwa nawaona kwenye dirisha langu wakitoka wote wanne pamoja, wekundu kama kaa waliochemshwa, mvuke ukiwapanda mabegani, wanajitupa kwenye theluji wanapiga kelele kama watoto. Nikiwatazama nilihisi kama naota. Mimi wa Pangani, kwenye theluji, naangalia watu wanaotoa moshi.

Wakaanza kupanda. Kwanza kumbi ndogo mjini, watu wa kuhesabika. Kisha foleni zikaanza kuzunguka kona. Wakaitwa Baltimore, wakaitwa Richmond. Picha ya Antero ikatoka kwenye gazeti la muziki, Bi Aino akaibandika kwenye friji. Siku moja akaniambia, "Rukia, nivalishe koti. Tunakwenda kuwasikia."

Basi tukaenda, mimi na baibui langu, yeye kwenye kiti cha magurudumu, sote wawili pamba masikioni. Vijana wamejaa ukumbi mzima, nguo nyeusi, minyororo, macho yamepakwa wanja kuliko bibi harusi. Nikasoma dua zote ninazozijua. Walipotuona wakatupisha njia. Mmoja mwenye pete puani akamfunika Bi Aino miguu kwa koti lake.

Halafu Veikko akaanza kupiga. Mwanangu, mimi nimekua na ngoma. Mama yangu alikuwa mtu wa lelemama, nimelala mgongoni kwake huku akicheza. Nilipomsikia yule kijana nilijua. Hakuwa anapiga kwa haraka ya kuonyesha mikono. Alikuwa anawabeba wenzake. Gitaa likipotea, yeye anakwenda kulichukua analirudisha. Nikaitoa pamba masikioni. Sijui nilikaa vile muda gani. Ukumbi ule ukaniyeyukia, nikaisikia harufu ya asumini ya mama yangu.

Yule Russell, wakala wao, hakusikia nilichosikia mimi. Yeye alitaka mtu wa kasi, wa kisasa zaidi. Akamwambia Antero faraghani kwamba kuna kampuni itakayowarekodi, lakini kwa mpiga ngoma mwingine. Antero hakukubali wala hakukataa. Jouni na Pasi nao wakaambiwa. Wakanyamaza wote watatu, na kila mmoja akajiambia ananyamaza kwa kumhurumia Veikko.

Mimi sikuyajua hayo bado. Nilichoona ni kwamba mazoezi yamepungua, na Veikko anakaa peke yake gerejini anafuta ngoma zilizokwisha kung'aa. Jumamosi moja nikamsikia anamwambia Antero jambo kwa Kifini, mlangoni jikoni, na Antero akamshika bega akajibu, wakatoka. Nikamuuliza Bi Aino, wamesema nini?

"Veikko kasema, kuna neno nataka kukuuliza. Antero kasema, tuingie sauna kwanza."

Na humo ndani neno la ugomvi haliulizwi. Wakatoka wekundu, wamelegea, wanasinzia, na lile swali limeyeyuka. Jumamosi iliyofuata, vilevile. Veikko anafungua kinywa, Antero anakwenda kuchukua kuni. Nikawa naliona, Bi Aino naye akawa analiona, anagonga fimbo sakafuni.

Kisha Jumatatu moja simu ya nyumbani ikalia nikaipokea. Alikuwa Russell. Kiingereza changu nilikiokota kwenye majiko ya watu, lakini alichosema kilikuwa wazi kabisa: mwambie Antero mpiga ngoma mpya anawasili wiki ijayo, kila kitu tayari.

Nikaweka simu chini. Nikageuka, Veikko yule pale mezani, anamenya viazi kunisaidia. Akaniuliza nani aliyepiga. Nikasema, "Ni simu ya Antero."

Ijumaa Nafula alipokuja nikamweleza. Akatikisa kichwa. "Rukia, usijiingize. Wewe uko hapa kwa kazi. Hao ni watu na mtu wao, na wewe ni mgeni."

"Lakini kijana ameacha baba yake, Nafula."

"Najua. Ndiyo nakwambia mwache mwenye kumwambia amwambie."

"Na asipomwambia?"

Akaenda kutandika kitanda.

Nikafikiri kwetu mtu angefanya nini. Kwetu jambo kama hilo humpelekei yule litakayemuumiza, unampelekea mkubwa wao. Nikaingia chumbani kwa Bi Aino, nikakaa chini kwenye zulia karibu na miguu yake, nikamwambia yote kama nilivyoyasikia. Alisikiliza amefumba macho. Nikadhani kalala. Kisha akasema, "Kesho ni Jumamosi. Asubuhi nitolee koti la Toivo, lile zito."

Ndipo sasa turudi kwenye ile theluji nilikoanzia. Vijana walikuja na taulo begani kama kawaida, moto umeshawashwa, moshi unapanda, wakamkuta bibi kwenye benchi, mgongo kwenye mlango. Alisema kwa Kifini, kisha akarudia kwa Kiingereza, nadhani alitaka mimi niliye dirishani, nimelifungua kidogo, niwe shahidi.

"Leo hakuna anayeingia. Toivo hakupigilia misumari hii mpate pa kujificha."

"Mummo, kuna baridi," Antero akasema. Ndivyo walivyomwita, ni bibi kwa lugha yao.

"Najua kuna baridi, mimi ndiye niliyekaa. Mwambie mwenzako."

Na Antero akasema. Alisema akitazama viatu vyake. Veikko alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza tangu lini.

"Tangu majani yalipoanguka."

"Na Jumamosi zote hizi ulikuwa unanimwagia maji kwenye mawe, huku unajua?" Akawageukia Jouni na Pasi. "Na nyinyi?"

Jouni akalia. Pasi akaigeuzia uso miti.

Veikko hakupandisha sauti. Alisema, na maneno yao haya yote Bi Aino alinifasiria baadaye, "Ungeniambia siku ile ile ningekukasirikia. Ningekutukana na marehemu wako. Kisha ningekuuliza huyo mtu anataka nini, nikakaa gerejini nikajifunza. Hukuninyima ngoma, Antero. Umeninyima nafasi ya kujaribu."

Bi Aino akainuka kwa fimbo yake, akaufungua mlango. "Sasa ingieni." Wale watatu wakaingia kama watu wanaoingia kwenye mazishi. Veikko akabaki, akakaa kwenye benchi. Nikatoka na kahawa, niliitia iliki kama ya kwetu. Akanywa taratibu.

"Mama Rukia, ulijua?"

"Nilijua Jumatatu, ulipokuwa unamenya viazi."

"Ukamwambia nani?"

"Bibi yenu."

"Basi katika nyumba hii kulikuwa na mtu mmoja aliyesema." Akanirudishia kikombe, akavua viatu, akavipanga pamoja na vile vingine mlangoni, akaingia.

Bendi ilikufa siku ile, mwanangu. Nisikudanganye. Veikko akarudi Ufini kabla theluji haijayeyuka, akaenda kwa baba yake. Wenzake walirekodi na yule mpiga ngoma mwingine, santuri ikatoka, na mimi niliisikiliza. Mikono yake ilikuwa ya kasi kweli, lakini gitaa likipotea linabaki limepotea. Kumbi zikapungua watu, Russell akaacha kupokea simu. Jouni na Pasi wakaondoka. Antero akakata nywele, akapata kazi ya kupakia mizigo uwanja wa ndege, na jioni alimsomea bibi yake magazeti.

Bi Aino alipofariki nilikuwa nimemshika mkono. Na Veikko alikuja, alivuka bahari yote ile, amenenepa, mikono ina rangi ya mashua. Baada ya maziko yeye na Antero waliwasha jiko la Toivo. Mimi humo sikuwahi kuingia, si mahali pangu, nikakaa kwenye benchi la Bi Aino na koti lile zito mabegani. Kwanza sikusikia kitu. Kisha nikasikia maji yanafoka juu ya mawe, na baada ya hapo kicheko, wanaume wazima wawili wanacheka mpaka wanakohoa. Ndege zinapita juu, moshi unapanda kuzifuata. Ningekuwa na uwezo ningeisimamisha saa ile pale.

Sasa nisikilize. Wewe na wenzako mkianzisha jambo, liwe duka, liwe muziki, iwe ndoa, msije mkaigeuza adabu yenu kuwa pazia. Wale walijificha kwenye mvuke. Sisi tunajificha kwenye sinia. Mtu anakuja na neno zito moyoni, tunamwambia tule kwanza, neno linazama kwenye pilau. Tunaulizwa habari, tunajibu salama, na nyumba inaungua. Kumnyamazia mtu jambo linalomhusu si kumhurumia, ni kumwamulia. Mwambie likingali dogo, wakati bado ana la kufanya. Mwambie kwa upole, lakini mwambie, na ukishindwa mtafute mkubwa umkalie miguuni. Akikasirika, mwache akasirike, hasira ya aliyeambiwa mapema ina njia ya kurudi. Halafu ndiyo mle, ndiyo muoge, ndiyo mcheke.

Mungu akupe wenzio wa kukwambia ukweli ungali na muda nao, akupe ulimi usiowaogopa wale unaowapenda, na siku utakapokosana na mwenzio, akuachie mlango ulio wazi, moto ndani, na viatu vyenu vikae pamoja nje. Amina, mwanangu.