Tulivyomzika Babu na Mizizi Yake

Babu yangu alipigana vita vya Mwingereza kwa siku moja. Alifundishwa gwaride miezi mizima, akapelekwa mpakani kaskazini, na asubuhi ya kwanza akatumwa kuteka maji. Waitaliano walimkamata kisimani na ndoo zake mbili. Huko kambini wakampa kazi gani? Kuteka maji. Akafa kwa kuhara damu, akazikwa na wafungwa wenzake mahali asipopajua mtu.

Habari hizo zilimfikia nyanya huko Matulo kwa mdomo wa askari mwenzake aliyerudi hai. Nyanya alizisikia, akamkaribisha chai, na hakulia. Shemeji zake walipotaka kumrithi, akawaambia mume wake yuko safarini. Alingoja zaidi ya miaka sitini. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, miguu ilipoanza kumvimba, alituita.

"Huyu mtu mumzike mbele yangu," akasema. "Sitaki kufa nikiwa bado nangoja."

Kwetu, asiyepatikana maiti yake huzikwa kwa mgomba. Shina hukatwa, likalazwa kaburini badala yake, watu wakalia, yakaisha. Kazi ya kuleta shina ilimwangukia baba yangu, mtoto pekee, aliyeachwa tumboni. Baba alikuwa karani mstaafu kutoka Kitale, mtu wa tai hata shambani. Alimuuliza nyanya urefu wa marehemu.

"Alikuwa anainama kwa mlango yangu," nyanya akajibu.

Baba akapima mlango kwa futi, akaenda, akarudi na mgomba mzima, mizizi inadondosha udongo. Wazee wakamwambia shina hukatwa. Baba akawaka. "Si huyu ni baba yangu? Ati nimkate miguu?"

Nilicheka, mama akanifinya. Hakuna aliyethubutu kubishana naye. Vijana walichimba kaburi la kina cha magoti, maana fisi gani atafukua mgomba? Tukaufunika blanketi, mhubiri akauombea pumziko la milele, tukala.

Mvua zilipokuja, babu akachipua.

Wazee wakakaa kikao. Mmoja alisema marehemu amekataa kufa. Mwingine alisema ni baraka. Jirani aliomba chipukizi akapande kwake, na baba, Mungu amsamehe, akaanza kuleta mbolea. Mimi nilikasirika kabisa. Tulitaka kumtua nyanya mzigo, tukamtwika tena, na sasa una majani.

Nyanya aliketi kando ya kaburi siku mbili. Siku ya tatu akaagiza jembe.

"Ng'oa," akamwambia baba.

Baba alilishika jembe akabaki amesimama, mzee mzima wa tai. "Na kama ni yeye, Mama?"

"Kama ni yeye, amechelewa."

Akamnyang'anya jembe, akapiga pigo la kwanza mwenyewe, na hapo ndipo alipolia.