Mtangazaji wa Buffalo Asiyeondoka Columbus

Penseli ikigonga ubao mkavu, hata leo mimi hukunja uso. Ni sauti ya gongo la besiboli likipiga mpira. Au ndivyo tulivyouziwa.

Nilikuwa na miaka kumi. Tuliishi Columbus, karibu na Morse Road, na baba, aliyetoka Kenya kuja kusomea uhandisi, hakuwa na starehe nyingine ila redio. Mtangazaji wa timu yetu ya besiboli nitamwita Bwana Hollis. Alianzia kazi Louisville, mji alioutaja kama mtu aliyezaliwa ikulu, na kwa maelezo yake mwenyewe hapo Columbus alikuwa anapita tu. Timu ikienda kucheza Buffalo, mji wa mbali, alitusimulia upepo wa ziwani ukipeperusha shati la mrushaji, na harufu ya vitunguu vya kukaanga. Baba alisikiliza akiwa amefumba macho. Alisema ni kama tumeketi naye uwanjani.

Jumamosi moja mama, aliyekuwa akisafisha ofisi za kituo hicho cha redio, alinichukua kazini. Spika ya koridoni ilikuwa ikitangaza mechi ya Buffalo. Nilifungua mlango usionihusu nikamkuta Bwana Hollis ndani, kavua viatu, simu sikioni, kaseti ya kelele za mashabiki ikizunguka mezani. Mtu aliyekuwa Buffalo alimpa habari kwa simu. Yeye aligonga ubao kwa penseli, kisha akapaza sauti. Simu ilipokatika, mpigaji wake alipiga mpira nje ya mstari, pigo lisilobadili matokeo, mara kumi na moja mfululizo, mpaka laini iliporudi. Akanikonyeza, kana kwamba mimi ni mshirika wake. Mama alinieleza kuwa kituo hakikutaka kumlipia nauli. Sikuona kwa nini uchoyo wa wakubwa umgeuze mtu mzima kuwa kasuku.

Nilipima jambo hilo hadi jioni. Nikimwambia baba, ninamnyang'anya raha yake pekee. Nikinyamaza, ninamwacha aendelee kuchezewa. Nilimwambia. Alikuwa mezani akimwandikia nyanya barua, kama kila mwezi, kumweleza masomo yanavyokwenda.

"Anajifanya yuko mahali ambapo hayuko," nilimaliza. "Na njia ya mwongo ni fupi, baba."

Alifunika kalamu yake polepole. "Na yeye, ulimwambia ni mwongo?"

"Hapana."

"Vizuri, mama. Usimwambie."

Nilimdharau kidogo kwa upole huo. Bwana Hollis baadaye alipata kazi Buffalo kwelikweli. Nadhani alishangaa kukuta kuna baridi.

Nilikuwa mtu mzima mama aliponiambia kwamba baba aliacha chuo nikiwa darasa la pili. Begi alilobeba kila asubuhi lilikuwa na glavu za kazi ya ghalani. Nyanya aliandikiwa habari za maabara, maprofesa, hata theluji iliyomkuta mwanawe akitoka kwenye mtihani. Alikufa akijua amezaa mhandisi.

Hollis bado namdharau. Baba siwezi. Kwa miaka mingi nimetafuta, kwa utaratibu, tofauti kati yao, na nimepata moja tu: matokeo ya mechi aliyotangaza Hollis yalikuwa ya kweli.