Hatua Kumi na Tisa za Shangazi

Shangazi yangu huandika miongozo ya plagini. Nilipomuuliza plagini ni mnyama gani, aliniambia ni kipande cha programu kinachochomekwa kwenye programu kubwa ili ifanye jambo ambalo haikuzaliwa nalo. Kwa mfano, tovuti ya zahanati inapewa kalenda ya miadi. Kazini kwao zipo arobaini na mbili, na kila moja ina ukurasa wa kumwelekeza mtu jinsi ya kuichomeka, hatua kwa hatua. Plagini ikibadilika, ukurasa nao hubadilishwa siku hiyohiyo. Ndiyo maana ofisini wanamwita Mama Hatua.

Ana sharti moja. Ukurasa hautoki mpaka fundi cherehani wa ghorofa ya chini aufuate mwenyewe kwenye kompyuta. Fundi haruhusiwi kuuliza, na aliyeandika haruhusiwi kumsaidia. Fundi hajui lolote kuhusu plagini na hana mpango wa kujua. Shangazi anasema sifa hiyo ni adimu.

Likizo hii bosi alitangaza kwamba watengeneza programu wataandika kurasa zao wenyewe, hivyo Shangazi hatahitajika tena. Shangazi hakulia wala hakubishana. Aliomba tu ukurasa wa kwanza wa utaratibu mpya upite kwa fundi. Ukifaa, ataondoka siku hiyo. Nilikwenda naye nikiwa na boksi la kufungashia vitu vyake, maana mama alisema tusijidanganye.

Mwandishi mpya alikuwa kijana wanayemwita Kasi, ambaye ndiye aliyeitengeneza plagini ya kalenda ya miadi, na ukurasa wa kwanza ulikuwa wa plagini hiyo. Ukurasa wake ulikuwa na hatua tano. Wa Shangazi, wa plagini hiyohiyo, ulikuwa na kumi na tisa. Bosi alizihesabu kwa sauti, mara mbili.

Fundi akaketi, futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni. Hatua ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Ya tatu ilisema: "Weka mipangilio kama kawaida."

Fundi akaweka mikono mapajani.

Dakika tatu zikaenda.

"Fundi, bonyeza pale juu..." Kasi akaanza.

"Shii," Shangazi akasema. "Mteja wako yuko peke yake zahanati, wagonjwa wamejipanga foleni mbele yake."

"Lakini ni kitu kidogo, dada!"

"Basi kisingekushinda kukiandika."

Fundi akamgeukia bosi. "Mimi siulizi, nimekatazwa. Nasema tu: kawaida ya nani?"

Bosi akamwambia Kasi akae aonyeshe. Kasi akabonyeza huku, akabonyeza kule, akajikuna kichwa. Kalenda ikatokea. Wiki ilikuwa na Jumatano tatu.

"Hii ni kawaida?" bosi akauliza.

"Inategemea."

Kasi akainamisha simu chini ya meza. Bosi akachungulia.

"Unasoma nini?"

"Ukurasa wa dada. Hatua ya kumi na moja."

Hakuna aliyecheka isipokuwa fundi, naye alicheka kwa niaba ya wote.

Bosi akasema Shangazi abaki. Akaongeza kwamba, kwa kuwa sasa umuhimu wake umeonekana, atakabidhiwa pia plagini za tawi la pili, thelathini na sita, ambazo hazijawahi kuandikiwa hata neno.

"Tumeshinda, Shangazi!" nikamwambia tulipofika mezani kwake.

"Naona," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeletewa habari za msiba wa mbali. Akafungua ukurasa mtupu, akaandika: Hatua ya kwanza.