Mshenga wa Ramani

Ofisini walimwita Mshenga, na mwenyewe alikuwa ameshazoea. Cheo chake kilikuwa kirefu, Mratibu wa Takwimu za Kijiografia za Taifa, na hata mlinzi wa getini akikitamka alikuwa anaishia njiani. Lakini kazi yenyewe, ukiitazama vizuri, ilikuwa ushenga mtupu. Ardhi wana ramani yao, Barabara wana yao, Maji na Misitu vilevile, na kila idara imeifungia ya kwake kabatini kama bibi aliyeficha sukari. Yeye ndiye aliyepita mlango kwa mlango akizibembeleza ramani hizo zikubali kukaa nyumba moja.

Amri juu ya mtu hakuwa nayo. Mkurugenzi wa Ardhi alimzidi cheo, wa Barabara alimzidi sauti. Basi alijifunza kutomwita mtu kwake. Alikwenda yeye, akakaa kwenye kiti cha wageni, akauliza habari za watoto na lile goti linalosumbua, akanywa chai iliyokwisha kupoa, wala ramani asiitaje mpaka mwenyeji aone haya aitaje mwenyewe. Bandu bandu, gogo likapungua. Mwishowe walibaki Maji peke yao.

Na mkuu wa ramani kule Maji alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe. Ungedhani undugu ungelainisha mambo. Wapi.

"Shemeji, mabomba yako yanaota nini huko kabatini?" alimwuliza siku moja.

"Yanaota amani. Nikiwapa Ardhi leo, kesho watasema hata maji ni yao."

"Siwapi Ardhi. Naweka kwenye ramani ya wote."

"Ya wote ndiyo ya nani? Mbuzi wa wote hufa na njaa, shemeji."

Mwisho shemeji aliitoa ramani yake, si kwa barua ya mkubwa yeyote, bali kwa sababu mama yake alimwuliza mbele ya sahani ya chakula kwa nini anamzungusha mke wa kaka yake. Kesho yake asubuhi ramani ya mabomba ilikuwa ofisini kwa Mshenga.

Sasa hapa pana jambo dogo la kazi yao, na ni vizuri lieleweke. Ramani za zamani zilipimwa kuanzia alama ya jiwe ambayo wapimaji wa kale waliisimika mlimani. Za siku hizi zinapimwa kwa setilaiti. Ukiilaza ya kale juu ya mpya bila kuitengeneza, kila kitu kinahama upande mmoja kwa upana wa mitaa miwili hivi: mto unapita katikati ya soko, shule inasimama ziwani. Kwa hiyo ramani ya zamani husogezwa kwanza, ikae mahali pake, ndipo iunganishwe na nyingine. Ni kazi ya kila siku, kama kuchambua mchele kabla ya kuubandika jikoni. Ofisi ya Mshenga iliisogeza ramani ya Maji kama ilivyozisogeza nyingine, ikaiweka, na watu wakapongezana.

Haukupita muda, simu ikalia asubuhi. Vibarua wa Barabara walikuwa wakichimba mtaro kwenye mtaa ambao ramani ya wote ilionyesha hauna kitu chini. Wakalipasua bomba kuu.

Mshenga alipofika, maji yalikuwa yameshafungwa, lakini mtaa mzima ulikuwa tope. Mbele ya zahanati ya wazazi alisimama muuguzi mwenye glavu mikononi, akiuliza kila aliyevaa koti la kazi maji yatarudi saa ngapi, na kila mmoja alimwelekeza kwa mwingine.

Mkurugenzi wa Barabara alimwona kwa mbali. "Mshenga, umetuoza jini," alisema.

Mshenga alisogea ukingoni, akalitazama bomba lililokuwa uchi ndani ya shimo, kisha akatazama kompyuta yake ndogo ya mkononi. Bomba lile lile ramani ililionyesha mitaa miwili mbele, upande wa kusini. Akageuka, akaukadiria kwa macho umbali kutoka shimoni hadi kule. Mwelekeo ule aliujua. Umbali ule aliujua, kama mtu anavyoujua mwendo wa mwanawe katikati ya umati. Ulikuwa umbali uleule ambao ofisi yake ilizisogeza ramani zote za zamani.

Maana yake ni moja tu: ramani ya Maji haikuwa ya zamani tena ilipofika kwake. Ilikuwa imeshasogezwa na mtu, kimya kimya, nao wakaisogeza mara ya pili. Na yeye hakuuliza. Mposaji akishakubaliwa haulizi maswali. Anaaga na kuondoka haraka kabla wenyewe hawajabadili mawazo. Alimjua shemeji yake, akaogopa kwamba swali moja lingemrudisha kabatini.

Shemeji naye akafika, viatu mkononi kwa ajili ya tope. Alilitazama shimo muda mrefu.

"Mabomba yangu yalikuwa salama nilikoyaweka," alisema. "Kesho kwenye kikao cha idara zote nayaondoa kwenye ramani yako. Na nikitoka mimi, Misitu watanifuata. Unawajua."

Aliwajua. Wakitoka Misitu, Ardhi nao wangepata kisingizio walichokuwa wakikitafuta, na ramani ya wote ingebaki ya Barabara na matumaini. Miaka yote ile ya chai ya baridi ingekwenda na maji.

Nyumbani mumewe, fundi saa, alikuwa mezani na saa ya mteja, imefunguliwa mgongo. Alimsikiliza bila kuinua kichwa.

"Umeshamwambia kwamba umejua?"

"Bado."

"Mwambie faragha basi. Ni ndugu yangu."

"Nikimwambia faragha, kesho itaonekana tumepanga jambo la kifamilia."

"Na hadharani?"

"Mimi nitaonekana mjinga, yeye ataonekana mwongo."

Mumewe alipuliza vumbi kwenye gurudumu dogo la saa. "Basi anza na mjinga," alisema. "Mwongo aje mwenyewe."

Kikao kilikuwa kwenye chumba cha mikutano cha katibu mkuu, chenye meza ndefu kuliko chumba na mapazia ambayo hayafungi vizuri. Barabara walikuja na picha za shimo. Shemeji alikuja na bahasha, na kila mtu alijua ndani mna barua ya kujitoa. Mshenga aliomba kusema kabla bahasha haijafunguliwa.

"Kosa limetoka kwangu," alisema. "Ramani ya Maji ilipotufikia ilikuwa imeshasogezwa. Sisi tukaisogeza tena. Tulipaswa kuuliza, hatukuuliza. Mimi sikuuliza."

Akakaa. Kwamba nani alisogeza kwanza, hakusema. Shemeji angeweza kuichukua bahasha yake na kutoka pale akiwa msafi kama sahani.

Mkurugenzi wa Ardhi alivua miwani. "Ilisogezwa na nani?"

Shemeji aliigeuza bahasha juu chini, akaigeuza tena.

"Na mimi," alisema. "Zamani kidogo. Tuliisogeza kwa macho mpaka ikakaa, kwa sababu kwenye kikao fulani ilionyesha mto umepita makaburini na mtu mmoja akacheka mpaka akatoka nje. Nikasema sitachekwa tena kwa ajili yake. Nikawakataza vijana wangu wasimwambie mtu."

"Nani huyo aliyecheka?" aliuliza wa Ardhi.

"Wewe."

Watu wakaangua kicheko, na wa Ardhi akacheka naye, ingawa kwa shida. Kilipotulia, mama wa Misitu aliinua kalamu. "Kabla hatujaendelea," alisema, "na sisi tulisogeza kidogo." Katibu mkuu alifumba macho.

Ramani ya wote ilifungwa kwa muda. Mshenga alipewa barua ya onyo, akaisoma, akaitia kwenye faili lake. Kila idara iliagizwa ilete ramani yake kama ilivyozaliwa, na ieleze ni nani aliigusa na aliigusaje. Barabara walinung'unika lakini walileta. Misitu walileta. Bahasha ya Maji haikufunguliwa.

Jumamosi iliyofuata Mshenga na shemeji yake walikuwa barabarani, kwenye mtaa ule wa zahanati, wakihakiki bomba kwa kufuata vifuniko vya chuma vya valvu za kufungia maji. Yeye alisimamisha kipimo cha setilaiti kwenye mguu wake wa chuma, akasubiri kitulie, akasoma namba kwa sauti. Shemeji akaandika.

"Rudia," alisema.

"Nimesharudia."

"Rudia tena. Safari hii nisome mimi."

Akampisha. Shemeji aliinama, akasoma, akaiandika yake chini ya ile ya kwanza. Tarakimu za mwisho hazikufanana.

"Tuchukue ipi?" aliuliza Mshenga. "Yangu au yako?"

"Ziache zote mbili," alisema shemeji. "Na uandike nani kasoma ipi."

Mshenga akalichukua daftari, akaandika. Kisha wakashika mguu wa chuma, huku na huku, wakaenda kwenye kifuniko cha pili.